Lastiki ya Sikio Si Lastiki ya Sketi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza kwenye lastiki. Nalisema hili mapema, asije kijana akanisogezea simu usoni akaniambia mzee, umeiona hii mpya? Nimeiona. Niliiona wakati wewe bado unavaa kaptula ya shule ambayo kiuno chake nilikiuza mimi. Kariakoo nimekaa zaidi ya miaka ishirini na tano. Nilianza kwa kuitembeza shingoni kama muuza nyoka, nikapata meza, kisha fremu yangu mwenyewe jirani na Mtaa wa Kongo, na kila kinachovutika mjini hapa kimepita kwenye vidole hivi viwili. Shule niliacha darasa la nne, kule Newala. Mwalimu alisema sitafika mbali. Nimefika Chanika, nina nyumba ya vyumba saba. Yeye nasikia bado anapanga.

Kilichonitoa sokoni ni goti, siyo washindani. Fremu nimempangisha mtu, nami nakaa barazani kwangu, na humo humo barazani ndimo mnamonifuata nyie mnaotaka kushona barakoa na mikufu yake, wote na swali lilelile: mzee, lastiki gani nzuri? Swali la kipumbavu. Ni kama kuuliza kiatu gani kizuri bila kusema unaenda harusini au unaenda kulima. Lakini nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja huku chai yangu inapoa. Nalijibu hapa, mara moja. Asiyesoma shauri yake.

Kwanza muelewe tumetoka wapi. Ule msimu barakoa zilipoingia mjini, kila mwenye sindano akawa fundi. Wauza karanga walishona. Mawinga, wale wa kukuvuta mkono kukupeleka kwenye duka la mtu, waliacha kuvuta wateja wakaanza kukata vitambaa. Na kwa kuwa hakuna aliyejua lastiki, walifunga chochote kilichovutika. Kuna jamaa mmoja pale Mchikichini alikuwa ananunua mashuka ya mitumba, yale yenye lastiki pembeni, anaifumua, anaifua, anaitia kwenye barakoa. Nilimwuliza kama anaona sawa kumfunga mtu mdomoni kitu kilichozunguka godoro la Mzungu miaka kumi. Akanijibu kwamba kimefuliwa. Mwingine alichana tyubu ya baiskeli vipande vyembamba kama vya manati. Ukiivaa ile, masikio yanatazama mbele kama ya punda aliyeitwa jina.

Wengi, hata hivyo, walitumia lastiki ya chupi. Bapa, pana, ngumu. Walikuja kwangu wakiitaka kwa kilo, nami niliwauzia, maana sikuwa mchungaji wao. Lakini aliyeniuliza nilimwambia. Kiuno kina nyama na kina subira. Sikio ni gegedu limefunikwa ngozi nyembamba, halina pa kukimbilia. Ukiliminya asubuhi, saa sita mwenye sikio ameshakutukana, na ni haki yake.

Halafu kuna wateja. Mteja wa barakoa anachagua kwa rangi. Anashika lastiki, haivuti, haipindi, anaiweka juu ya kitenge aone kama zinaendana. Nimeona mama mzima, mwenye miwani na pochi ya ngozi, anakataa roli nzuri kwa sababu ni nyeupe na anabeba mbovu kwa sababu ni ya zambarau. Nikampa. Akashukuru. Sijui masikio yake yalisemaje.

Mimi nilifundishwa. Hilo ndilo linalonitenga na hao. Aliyenifundisha ni Mzee Nalinga, mtu wa Masasi, aliyekuwa na duka la vifungo, zipu na lastiki kabla fremu za ghorofa hazijaota. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na kiberiti mfukoni ingawa hakuvuta sigara. Kiberiti kilikuwa cha lastiki. Kila jora jipya lilipofika alikata kipande, akakivuta mara kadhaa, akakipinda kuona kama kinavunjika nyuzi, akakiloanisha kuona kama kinanyong'onyea, mwisho akakichoma. Ikinuka tairi, alikuwa akisema, nunua. Ikinuka plastiki, mrudishie mwenyewe. Maana yake lastiki ya kweli moyo wake ni mpira wa kweli, na mpira wa kweli hauongopi puani.

Alinifundisha pia kulaza lastiki, jambo ambalo nyie hamlijui na mnaona aibu kuuliza. Lastiki inazungushwa kwenye roli ikiwa imevutwa. Ukiitoa na kuikata palepale, umekata mtu aliyenyoosha miguu. Ikishapumzika inajikunja, na kipimo chako kimekwenda. Kwa hiyo unaifungua, unaiacha ilale kwenye sinia au kwenye karatasi, kesho yake ndiyo unakata. Nilidharau hilo wakati bado mgeni. Walikuja wanakwaya wanataka lastiki za sketi, nikaona huyu mzee ananichelewesha, nikawakatia moja kwa moja kutoka kwenye roli. Jumapili waliimba wamebanwa viuno hadi mistari mirefu wakaikata katikati. Mzee Nalinga hakunipiga. Alinipeleka kanisani kwao Jumapili iliyofuata, mimi Mwislamu, nikae benchi la mbele nisikilize.

Kipimo cha sikio nilikibuni mwenyewe, hicho sikufundishwa na mtu. Lastiki ya barakoa huwezi kuijua kwa mkono, mkono ni mnafiki. Nilikuwa nakata vipande viwili, nafunga vitanzi, napachika masikioni mwangu na kitambaa mdomoni, nakaa navyo dukani toka asubuhi hadi nafunga. Watu walikuwa wanadhani naumwa. Jioni nikivua na sikio halina mstari mwekundu, na kitanzi kimerudi ukubwa wake, hiyo ni mali. Kwa njia hiyo nikajua ya mviringo, laini, unene kama wa tambi, inaishinda bapa mbali sana. Wenzangu walicheka, baadaye wakaja kununua kwangu. Nikawaongezea bei kidogo ya kicheko.

Sasa mikufu. Mkufu wa barakoa ni ile cheni inayoshika vitanzi viwili, ukivua barakoa inaning'inia kifuani badala ya kuwekwa mezani. Watu wanauchukulia kama urembo. Wanachagua shanga kubwa kama mbegu za ubuyu, kisha wanazitunga kwenye uzi wa lastiki, eti uvutike. Upumbavu mtupu. Barakoa inavutika, mkufu nao unavutika, mtu akitembea kifua kizima kinarukaruka kama ana kuku ndani. Kimoja kivute, kingine kishike. Mkufu utungwe kwenye mshipi wa kuvulia au kamba isiyo na mchezo. Shanga ziwe ndogo na nyepesi, maana kila uzito unaoning'inia unavuta kitanzi. Na vikulabu visiwe vya bati la rangi ya dhahabu. Jasho la Dar linavila kwa wiki mbili, kisha vinaacha kutu kwenye shingo ya mtu na jina lako linatajwa.

Haya yote nilikuwa nayajua, na nilikuwa nayajua kuliko yeyote mtaani. Ndiyo maana nawasimulia la Rehema, kwa sababu ujuzi nao una mahali unapoishia, na heri mpaone panapoishia kwangu kuliko kwenu, nyie msio na akiba.

Rehema ni fundi cherehani. Alikuwa mteja wangu tangu anashona kwa cherehani ya kuazima kwenye baraza la watu, Ilala. Kwa muda mrefu alikuwa akiitafuta kazi ya Bi Tatu. Huyu Bi Tatu ni mtu wa mjini wa asili, ukoo wao ulikuwa Gerezani kabla yangu na kabla yako, anapika kwenye maharusi makubwa na ana wasichana arobaini wa kuandaa na kugawa chakula. Anataka wote wavae sare: aproni, kilemba, barakoa. Barakoa alizianza siku msichana mmoja alipopiga chafya juu ya sinia la pilau mbele ya mawifi. Mikufu aliitaka kwa sababu wasichana walikuwa wanavua barakoa wakiongea na kuziweka kando ya sambusa. Akimpata fundi anayemridhisha, fundi huyo anashona kila kitu, mwaka mzima. Kwa Rehema ile kazi ilikuwa kutoka barazani kwa watu na kuingia kwenye chumba chake mwenyewe chenye mlango na kufuli.

Bi Tatu akampa jaribio. Ashone barakoa na mikufu, wasichana wavae kwenye shughuli ndogo ndogo, na mwisho wavae kwenye harusi moja kubwa, ukumbi ulio karibu na Mnazi Mmoja, Jumamosi. Zikipita, kazi ni yake.

Rehema akaja kwangu na Bi Tatu mwenyewe, waone lastiki. Nikawasha kiberiti mbele yao. Moshi mweusi, harufu ya tairi, mpira wa kweli. Nikawaambia hii nimeivaa masikioni wiki nzima, na wakitaka nitaivaa nyingine. Nikamwambia Bi Tatu asiumize kichwa, lastiki naichagua mimi, na ikilegea hata moja nabadilisha zote kwa mfuko wangu. Alinitazama kama anayetazama samaki anayedaiwa kuwa wa leo. Lakini alikubali.

Shughuli ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili vizuri. Rehema akaja kunishukuru, na mimi nikapokea shukrani kama mtu aliyezizoea.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, aliingia dukani bila shikamoo. Rehema hajawahi kuninyima shikamoo, kwa hiyo nikajua pameharibika kabla hajafungua mdomo. Alimwaga barakoa juu ya meza yangu. Vitanzi vilikuwa vimelala kama tambi zilizozidi maji. Ukivivuta vinaenda, havirudi. Akaniambia mchana uliopita, kwenye shughuli ya tatu, barakoa ya msichana mmoja ilimtoka akiwa ameinama, ikaingia kwenye jagi la juisi ya ukwaju, na mzee mmoja wa heshima akashuhudia.

Nilichukua kimoja nikakichoma. Tairi. Nikakivuta nikakipinda. Sikuelewa. Siwafichi hilo. Nikachukua kofia tukaenda kwa miguu hadi kwa Bi Tatu.

Tuliwakuta uani, wasichana wanachambua mchele kwenye ungo, yeye amekaa kwenye kigoda kati yao. Hakunikaribisha kukaa.

"Wewe mtaalamu," akasema, "lastiki yako uliipimia wapi?"

Nikamwambia masikioni kwangu, wiki nzima.

Akainua macho taratibu mpaka kichwani, nami nilikuwa nimeshavua kofia kwa heshima. "Masikioni kwako. Kwenye hicho kipara kikavu. Wasichana wangu wanapaka mafuta ya nazi, babu, nywele, masikio mpaka shingo. Ulidhani wanapaka nini, mate?"

Wasichana walicheka mpaka mchele ukamwagika. Mmoja akaniambia kesho nije mimi nivae, niwagawie wageni pilau. Mwingine akauliza kama kwetu Newala hakuna minazi. Kuna korosho, nikamjibu, na korosho hazipakwi. Wakazidi kucheka. Sikuwakasirikia. Niliwaomba chupa ya mafuta.

Nikakata vitanzi viwili kwenye kipande kipya nilichokuja nacho mfukoni. Kimoja nikakipaka mafuta, kingine nikakiacha kikavu, nikavifunga vyote viwili vikiwa vimevutwa kwenye mguu wa kigoda cha Bi Tatu. Hakusogea. Tukasubiri mpaka ungo wa mwisho umechambuliwa. Nilipovifungua, kikavu kiliruka kikarudi. Cha mafuta kilibaki kimelala, kimevimba, kinateleza kama konokono. Hapo nikaona kitu ambacho Mzee Nalinga hakukiona maisha yake yote, Mungu amrehemu. Mpira wa kweli na mafuta hawakai nyumba moja. Kwenye sketi na kaptula haina neno, nani anapaka mafuta kiunoni. Lakini sikio la mwanamke wa pwani limelowa mafuta tangu alfajiri, na mkufu nao unakivuta kitanzi juu ya shingo iliyopakwa. Kanuni ya mzee ilikuwa sawa, ila ilikuwa ya kiuno.

Bi Tatu akasema kesho saa nane wageni wanaingia ukumbini. Barakoa zikiwa zimelegea, Rehema abaki na cherehani yake, yeye ana fundi mwingine Buguruni. Hakupandisha sauti.

Mimi nikaanza kumweleza Rehema habari za mpira na mafuta. Akanikata.

"Mzee, mimi sitaki maneno. Nataka lastiki."

Tukarudi Kariakoo. Nilichokuwa nakihitaji sasa ni kile nilichokikataa miaka yote, lastiki yenye moyo wa nyuzi za kiwandani, zile za nguo za mazoezi, ambayo ukiichoma inayeyuka na kunuka plastiki. Kwangu haikuwepo hata mita moja, kwa sababu ya Mzee Nalinga na kiberiti chake. Na ilikuwa Ijumaa, saa ya swala, nusu ya maduka yamefungwa. Niliowajua hawakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni kijana anaitwa Dulla, anauza kope za bandia, makasha ya simu na vikorokoro, biashara yake nzima anaifanya kwa video za dakika moja. Mtu huyo hajawahi kuvuta lastiki maishani. Anaiuza kwa sababu inang'aa kwenye picha.

Habari Kariakoo inamtangulia mwenyewe. Nilipofika alikuwa ameshaziweka roli mbili juu ya kaunta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Niletee mafuta kidogo na kiberiti."

Mafuta alikuwa nayo, anauza ya nywele. Nilikichoma kipande, kikayeyuka kama mfuko wa nailoni, roho ikaniuma. Nikakipaka kingine mafuta nikakivuta, nikakishikilia kwa muda wote niliokuwa nanung'unika. Nilipokiachia kikarudi kama hakikuguswa. Nikauliza bei. Akabonyeza kikokotoo, akakigeuza kunielekea bila kusema neno, kama tunavyofanya wote pale ili jirani asisikie. Nikamwambia asubuhi mwenzangu amenunua hii hii kwa nusu ya hiyo.

"Asubuhi ulikuwa hunihitaji, mzee."

Jibu zuri. Nalikiri, ni jibu ambalo ningelitoa mimi. Nilimtafutia makosa mengine, sikuyapata, nikatoa pesa.

Baada ya swala ya alasiri tulikuwa kibarazani kwa Rehema, yeye na mafundi wawili aliowaita, na mimi. Mimi nilifumua, nao walishona. Lastiki hatukuwa na muda wa kuilaza, kwa hiyo niliwaambia wakate kila kitanzi kwa kuzidisha upana wa kidole kimoja, inywee mpaka kipimo chake yenyewe. Hiyo si kanuni ya mtu, ni yangu, iandikeni. Mikufu tuliipunguza shanga. Kabla ya maghribi ilikuwa imekwisha, na kesho yake saa nane wasichana arobaini waliingia ukumbini, mafuta yao ya nazi yananukia hadi barabarani, na hakuna kitanzi kilichoteremka hata wakati wa kubeba masinia. Najua, kwa sababu nilisimama nje ya mlango wa jikoni mpaka keki inakatwa. Bi Tatu alipita akaniona, akaniletea sahani ya pilau, akaondoka. Kazi alimpa Rehema, na leo Rehema ana chumba chake, cherehani tatu, na kufuli kubwa kuliko inavyohitajika.

Basi ndiyo hiyo, vijana. Ukiulizwa lastiki gani nzuri, kabla hujajibu uliza sikio la nani, limepakwa nini, litabebeshwa nini. Kitanzi kivae wewe, halafu mvalishe na atakayekivaa. Kama una kipara, omba sikio la jirani.

Na kwa kuwa nyie hamlali bila kujua bei: Rehema alitaka kunirudishia nusu, nikakataa, maana nilishatoa neno langu mbele ya Bi Tatu na neno langu halina rejareja. Roli mbili kwa Dulla, elfu arobaini na tatu kila moja, na yule mtoto hakunipa hata mfuko wa bure, mfuko akauhesabu mia tano. Elfu themanini na sita na mia tano.